Likizo ya uzazi inaisha, mtoto ana miezi miwili na nusu: nyonyo, maziwa ya unga ya mkebe, au vyote viwili?

Nyar_Mamboleo
Wazazi wenzangu, salamu kutoka Kisumu, ambako hata usiku joto halituonei huruma. Naomba mawazo yenu, na tafadhali msinipigie kelele.

Nina mvulana wa miezi miwili na nusu, kifungua mimba wangu. Tangu azaliwe hajaonja kitu ila maziwa yangu. Likizo ni ile ya sheria, miezi mitatu, kwa hiyo baada ya wiki mbili natakiwa niwe nyuma ya kaunta mjini saa mbili asubuhi, nirudi nyumbani saa kumi na mbili jioni ikiwa msongamano wa Kondele umekubali. Mtoto atabaki na mama mkwe. Amekuja kutoka Siaya kunisaidia, Mungu ambariki, lakini ndiye huyo huyo aliyenitia wasiwasi. Mtoto akilia jioni anasema, "Huyu hashibi. Maziwa yako ni mepesi kama maji." Jirani naye ananiambia wanawe walikunywa mkebe tangu siku ya kwanza na leo wanaongoza darasani.

Mume anasema niamue, yeye atanunua. Nilipita supamaketi nikasoma bei, nikarudisha mkebe kwenye rafu.

Sasa: ni kweli maziwa ya mama yanaweza kuwa mepesi? Nikianza kumpa mkebe sasa ili azoee, nitaharibu kitu? Na nyinyi mlioajiriwa mnafanyaje? Kwetu kazini kuna choo na stoo, basi.

KukuKienyeji
Mtoto kulia jioni ni kawaida. Hata mimi jioni nalia nikifikiria kodi ya nyumba. Tumsubiri Sista mkunga, yuko wapi?

Baba_Tatu
Wacha niongee pesa, hayo mengine nawaachia wenye ujuzi.

Mtoto wa kilo tano hunywa karibu mililita 750 kwa siku. Unga wa kutengeneza maziwa hayo ni kama gramu 100. Kwa hiyo mkebe wa gramu 400 unamaliza siku nne. Mwezi mzima unataka mikebe saba na ushee. Wa bei ya chini niliouona hapa mjini ulipita elfu moja kidogo. Weka elfu nane kwa mwezi, kabla hujahesabu gesi ya kuchemsha maji, chupa, sabuni na brashi ya kuoshea. Na mtoto hakai kilo tano.

Mume amesema atanunua, vizuri. Muulize atanunua mpaka lini. Nimeishi Nyalenda miaka mingi, najua mkebe unavyokwisha tarehe ishirini. Hapo ndipo watu wanaanza kupima vijiko kwa macho. Kulikuwa na jirani, mtu mwenye bidii kabisa, alikuwa anaweka vijiko viwili mahali pa vinne ili mkebe ufike mwisho wa mwezi. Mtoto tumbo limejaa, mwili unakonda. Ni mizani ya kliniki iliyomgundua.

Mwanaume_Kamili
Wanawake wa siku hizi ni uvivu tu na kuogopa matiti kulala. Mama yangu alinyonyesha watoto tisa.

KukuKienyeji
@Mwanaume_Kamili kaka, la kwako linatoa mililita ngapi?

Dani_wa_Watano
Mwanangu Nyar Mamboleo, mimi nami ni mama mkwe, kwa hiyo ngoja nitetee kabila letu.

Sisi tulinyonyesha na tukalima, ni kweli. Lakini mtoto tulikwenda naye shambani. Alilazwa chini ya mti na dada yake, akilia analetwa, unanyonyesha, unarudi kwa jembe. Hakuna aliyetuambia tumwache mtoto nyumbani saa kumi nzima halafu maziwa yaendelee kutoka. Anayelinganisha wakwe zake na sisi hajui analinganisha nini.

Na huyo mama mkwe anayesema maziwa ni mepesi, usishindane naye. Anaogopa. Zamani tulizika watoto, mwanangu, na mtoto anayelia unamsikia kwa masikio ya wakati ule. Mimi mwenyewe wajukuu wa kwanza niliwapa maji ya glukosi na manyasi, zile dawa za mitishamba, ndivyo nilivyofundishwa na mama yangu. Nenda naye kliniki. Akimsikia muuguzi kwa masikio yake, atanyamaza haraka kuliko akikusikia wewe.

Mjukuu_wa_Butere
Mbona mnahangaika na mikebe ya elfu moja? Huku kwetu tunachukua maziwa ya ng'ombe, nusu maziwa nusu maji, kijiko cha sukari, chemsha, poza. Watu wamelelewa hivyo, wakawa madaktari.

SistaMstaafu
Nimefika. Nilikuwa nasubiri maji ya mfereji, leo yamekuja saa tano.

Binti yangu, nimefanya kazi ya ukunga Kakamega na baadaye Kisumu mpaka nikastaafu. "Maziwa yangu ni mepesi" nimelisikia kuliko neno lolote lile, kwa hiyo nianze hapo.

Maziwa ya mama karibu asilimia 88 ni maji. Yanayotoka mwanzo wa kunyonya ni ya majimaji, yana usamawati fulani. Titi linavyoendelea kunyonywa, mafuta yanaongezeka. Mama akikamua kidogo kwenye kikombe ili amwonyeshe mkwe, anamwonyesha yale ya mwanzo, na hukumu inatolewa pale pale. Maji hayo hayo ndiyo sababu mtoto wa Kisumu hahitaji kupewa maji ya kunywa kabla ya miezi sita, hata Februari jua likiwaka. Glukosi hapana, maji ya tumbo hapana, manyasi hapana. Samahani Dani, wewe umeshasema mwenyewe.

Kulia na kung'ang'ania titi jioni nzima, hasa karibu na wiki ya tatu, ya sita, halafu mwezi wa tatu, haina maana kwamba maziwa yamekwisha. Mtoto anaagiza ya kesho. Titi ni kama mama mboga wa soko la Kibuye: mboga zikitoka zote, kesho analeta zaidi, zikimlalia, anapunguza. Na hapo ndipo chupa inaponasa watu. Bibi anasema hashibi, unampa chupa moja ya jioni, mtoto analala fofofo. Usiku huo titi halikunyonywa. Kesho linatoa kidogo, unaongeza chupa ya pili. Baada ya wiki chache maziwa kweli hayatoshi, na bibi anasema, "Si niliwaambia?"

Basi utajuaje kama anashiba? Acha kilio, tazama nepi na mizani. Nepi sita au zaidi zilizolowa kwa siku, mkojo usio na rangi kali. Uzito wa kuzaliwa amerudia kufikia wiki ya pili au hapo karibu. Mstari kwenye kijitabu cha mama na mtoto unapanda. Mstari ukilala au ukishuka, nenda kliniki, na huko wanaweza kukwambia uongeze mkebe, bila aibu yoyote. Lakini kabla ya hapo watazame anavyoshika titi. Akishika chuchu peke yake, kwako ni maumivu na kwake ni njaa. Mdomo uwe wazi kabisa, achukue na sehemu nyeusi inayozunguka chuchu, kidevu kiguse titi. Wengi niliowaona wakihamia mkebe walikimbia chuchu zilizopasuka. Maziwa yalikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa nao nusu saa awaonyeshe.

@Mjukuu_wa_Butere, hapana. Kabla ya miezi sita maziwa ya ng'ombe si chakula cha mtoto. Protini na chumvi zake ni nyingi mno kwa figo changa, madini ya chuma ni haba, na yanaweza kuukwaruza utumbo mpaka damu ikavuja kidogo kidogo bila mtu kuiona. Ukiyazimua na maji umepunguza chumvi, sawa, lakini umepunguza na nguvu. Baada ya miezi sita, mtoto asiyenyonya anaweza kupewa yaliyochemshwa, pamoja na vyakula vingine. Waliokuwa madaktari walikuwa madaktari licha ya hayo maziwa. Waliokufa hawaandiki kwenye uzi.

Mjukuu_wa_Butere
Sista umenimaliza. Nimeacha.

Mama_Pendo_Nakuru
Mimi ni wa mkebe na siombi radhi.

Nilifanyiwa upasuaji wa matiti miaka mingi kabla ya kuzaa, mirija ikakatwa. Pendo alipozaliwa yalitoka matone, na nilijaribu kila kitu mlichowahi kusikia: uji wa wimbi, supu, mchicha, njugu, kunyonyesha kila saa. Hakuna. Alikuwa anapungua uzito. Mkebe ndio uliomwokoa, na kila niliyekutana naye, hadi kondakta wa matatu ya Lanet, alikuwa na la kuniambia. @Mwanaume_Kamili, ni watu kama wewe.

Sheria ya 2012 inayodhibiti maziwa haya naiunga mkono kabisa. Muuzaji asitangaze, asigawe mikebe ya bure, asimpe muuguzi zawadi. Sawa. Lakini watu wameigeuza ikawa kunyamaza. Nilikozalia hakuna aliyenifundisha kuchanganya, kana kwamba kunifundisha ni kunitangazia biashara. Nilijifunza kwa kusoma ubavu wa mkebe huku mtoto analia. Kwa hiyo nayasema hapa, kwa yeyote anayehitaji.

Unga ule si safi kabisa kama mnavyodhani, unaweza kuwa na vijidudu. Ndiyo maana maji huchemshwa, yakaachwa yapoe kwa muda usiozidi nusu saa, yawe bado moto wa nyuzi 70 au zaidi wakati unachanganya. Moto huo ndio unaoua vijidudu vya kwenye unga. Maji kwanza, kisha vijiko, kijiko cha mkebe ule ule, kimesawazishwa kwa kisu, hesabu ile ile iliyoandikwa. Poza kwa kushikilia chupa kwenye maji baridi, dondosha tone kwenye kifundo cha mkono. Yaliyochanganywa yatumike ndani ya saa mbili, na aliyoyabakiza baada ya kunywa yamwagwe hata kama roho inauma. Inauma, nawaambia. Chupa na chuchu za mpira zinachemshwa kila mara.

Na Nakuru tuna jambo letu: floraidi. Mmeona meno ya kahawia ya watu wa huku na Elementaita, maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yanapita kipimo cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita. Mama akinywa maji hayo, floraidi inayofika kwenye maziwa yake ni kidogo mno. Mtoto wa mkebe anainywa moja kwa moja, chupa baada ya chupa, wakati meno yake ya ukubwani yanajitengeneza ndani ya ufizi. Na kuchemsha hakuitoi. Maji yakipungua kwenye sufuria, floraidi inabaki ile ile. Mimi nilitumia maji yaliyopita kwenye chujio la mkaa wa mifupa, teknolojia iliyoenezwa huku na Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru, na kwa kweli hiyo ndiyo gharama ya mkebe ambayo Baba_Tatu hakuiweka kwenye hesabu.

Baba_Tatu
Sikuijua hiyo. Huku kwetu ziwani shida ya maji ni nyingine, ni kipindupindu mvua ikinyesha na vyoo vikifurika.

Mwanaume_Kamili
Mama Pendo pole, sikumaanisha wenye shida kama yako.

Mama_Pendo_Nakuru
Na utamjuaje mwenye shida kama yangu ukimwona na chupa kwenye matatu?

Jina_la_Bandia_Kisumu
Naandika kwa jina lisilo langu, mtanielewa.

Kila uzi kama huu mtu hatimaye husema "mwenye virusi atumie mkebe". Bado hajasema, lakini nawahi. Naishi na virusi vya UKIMWI, natumia dawa kila siku, na nimenyonyesha wawili. Wote wawili hawana. Ushauri wa Kenya kwa sasa ni kwamba mama anayetumia ARV, yaani dawa za virusi, anyonyeshe maziwa yake pekee miezi sita, kisha aendelee na vyakula vingine hadi miaka miwili. Mtoto hupewa dawa ya kinga tangu kuzaliwa mpaka baada ya kuachishwa ziwa, na hupimwa wiki ya sita, miezi sita, mwaka, na tena baadaye. Virusi vikiwa vimeshuka hadi visionekane kwenye kipimo, hatari ya kumwambukiza kwa kunyonyesha iko chini ya asilimia 1. Si sifuri, na kliniki walinieleza hivyo bila kunificha.

Mjue pia kwamba huku kwetu Nyanza mkebe kwenye meza ya mama mchanga ulikuwa tangazo kwamba ana virusi. Wageni wa kuona mtoto wakiuona, wanaangaliana. Wenzangu wengine waliuficha chini ya kitanda, wakawa wananyonyesha mbele ya wageni na kutoa mkebe usiku. Kuchanganya huko, tena wakati dawa zilikuwa haba, ndiko kulikokuwa kubaya kuliko kuchagua kimoja.

Na wewe Nyar Mamboleo na wengine mliopima mkaambiwa hamna: pimeni tena mkiwa mnanyonyesha. Mama akiambukizwa upya katika miezi hiyo, virusi huwa vingi sana mwilini na hajui, na mtoto ananyonya. Mpeleke na baba.

Nyar_Mamboleo
Asante dada. Hilo la kupima tena sikuwa nimelifikiria kabisa.

SistaMstaafu
Dada hapo juu amesema yote. Niongeze kipande kimoja kwa sababu niliishi nacho kazini.

Kabla ya dawa, tuliwashauri akina mama kwa kukisia. Kulikuwa na utafiti Nairobi, matokeo yalitoka 2000: akina mama wenye virusi waligawanywa, nusu wanyonyeshe, nusu watumie mkebe, na walichaguliwa wenye maji ya mfereji. Baada ya miaka miwili, watoto walioambukizwa upande wa titi walikuwa karibu asilimia 37, upande wa mkebe karibu 21. Tofauti kubwa, sivyo? Sasa tazama vifo: asilimia 24 kwa walionyonya, 20 kwa wa mkebe. Karibu sawa. Yaani mkebe uliwaepusha wengi na virusi, lakini maisha mengi uliyookoa upande mmoja yalikwenda upande mwingine. Na hao walikuwa na maji. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo baada ya kuonekana kwamba dawa zinaweza kumlinda mtoto anayenyonya, na utafiti mmoja uliochangia ujuzi huo ulifanyika hapa hapa Kisumu, wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na CDC ya Marekani. Akina mama wa hapa ndio waliojitolea. Hawatajwi sana.

Ndiyo maana mtu akiniuliza "titi au mkebe" mimi humuuliza kwanza: maji yako yanatoka wapi?

Maua_Naivasha
Nyar Mamboleo, umeuliza kuhusu kazi na hakuna aliyekujibu. Mimi niko kwenye shamba la maua huku Naivasha.

Soma Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 71 na 72. Mwajiri anatakiwa kuweka chumba cha kunyonyeshea au kukamulia: mahali pa kunawa mikono, friji au kitu cha kupozea, soketi ya pampu, meza ndogo, kiti. Na unapewa muda wa kukamua au kunyonyesha, usiozidi jumla ya saa moja kwa kila saa nane za kazi, mbali na muda wa chakula. Sasa usiende kwa HR na kifungu cha sheria mkononi kama umeleta polisi. Sisi tuliandika barua moja, tukasaini wote tuliokuwa na wachanga na wawili wenye mimba, tukaeleza tunataka nini: kitasa kinachofunga kwa ndani, kiti, soketi, pazia. Chumba kilipatikana. Hiyo stoo yenu yaweza kutosha. Chooni usikamue, utamlisha mtoto chakula kilichopikwa chooni.

Jambo la pili, na hili wengi hawalijui: likizo ya uzazi haili likizo yako ya mwaka. Sheria ya Ajira ya 2007 imesema wazi. Kama hujazitumia, siku 21 za kazi bado ni zako. Ziombe zifuatane na ya uzazi. Mtoto atakuwa karibu miezi minne ukirudi, na mtoto wa miezi minne si yule wa mitatu.

Nyar_Mamboleo
Maua, nakupenda na sikujui. Siku zangu za mwaka huu zote zipo! Naandika barua leo usiku.

Swali kwa Sista: nikikamua, nitayaweka wapi na yatakaa muda gani? Friji ya nyumbani iko, ila stima ya mtaa wetu inaenda na kurudi inavyotaka. Na mkebe niuache kabisa?

SistaMstaafu
Mkono unatosha kukamua, pampu si lazima; uliza kliniki wakuonyeshe, wengi wanakamua chuchu badala ya kubonyeza nyuma ya ile sehemu nyeusi. Tumia chombo chenye mdomo mpana na kifuniko, kilichochemshwa.

Kwenye meza, maziwa yaliyokamuliwa yanakaa saa nne kama chumba hakizidi nyuzi 25. Kisumu mchana tunapita hapo, kwa hiyo kwako meza si mahali. Nunua kile kikasha cha kubebea soda baridi na vipande viwili vya barafu ya plastiki, vigandishe usiku, nenda navyo kazini. Kwenye friji siku nne, uyaweke nyuma kabisa, mlangoni pana joto kila mtu akitafuta soda. Kwenye friza yenye mlango wake hata miezi sita. Stima ikipotea msifungue fungue. Yaliyoganda yayeyushe kwenye friji au kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, usiyachemshe juu ya jiko, na yakishayeyuka hayarudi friza. Andika tarehe na saa. Yakijitenga, mafuta juu na maji chini, hayajaharibika, tikisa taratibu. Mwambie mama mkwe hili mapema kabla hajayamwaga.

Kiasi: ukiwa mbali saa kumi, mtoto wa umri huo atataka mililita 300 mpaka 450 hivi. Anza sasa, baada ya kunyonyesha asubuhi, maana asubuhi ndiyo yanajaa. Mara ya kwanza utapata mfuniko mmoja na utataka kulia. Endelea. Ukianza kazi kamua asubuhi, saa sita, na alasiri. Mtoto atalipiza usiku, atanyonya kama hajawahi kuliona titi. Mruhusu, usiku ndio unaoshikilia maziwa yako, ingawa utakuwa umechoka kama punda.

Mkebe: usiuanze "ili azoee". Hakuna cha kuzoea. Lakini ukifika mwezi wa kwanza wa kazi, umekamua kwa bidii, na bado mchana mililita mia zinapungua, mpe mia hizo za mkebe, zimechanganywa kama Mama Pendo alivyoeleza, na asubuhi, jioni na usiku anyonye. Hiyo si kushindwa. Nimewaona akina mama walioacha kunyonyesha kabisa kwa sababu walidhani mkebe mmoja umekwisha kuharibu kila kitu, kumbe mtoto alikuwa bado anapata nusu au zaidi kutoka kwao.

Baba_Tatu
Kwa hesabu yangu, mililita mia kwa siku ni gramu 13 au 14 za unga. Mkebe wa 400 unakaa mwezi. Angalia tu maandishi ya mkebe, wengi wanasema ukishafunguliwa umalizwe ndani ya wiki nne hivi.

KukuKienyeji
Baba_Tatu akifa azikwe na kikokotoo.

Mama_Pendo_Nakuru
Sista, asante kwa hiyo aya ya mwisho. Ningeambiwa hivyo wakati ule, yale matone yangu ningeendelea kumpa.

Dani_wa_Watano
Mimi nina swali la wakwe. Nimewekwa nyumbani na mjukuu na hayo maziwa kwenye friji. Nitampa kwa chupa?

SistaMstaafu
Kikombe, Dani. Kidogo, cha wazi, kama cha kahawa. Chupa ina kona ambazo brashi haifiki, na kuna watoto wakishazoea mtiririko wa chupa wanalikasirikia titi. Mkalishe wima mapajani, kingo za kikombe ziguse mdomo wa chini, usimwagie. Atalamba mwenyewe kwa ulimi kama paka. Mara ya kwanza nusu itaishia kwenye nguo.

Nyar_Mamboleo
Nimejaribu leo jioni kwa kijiko cha maziwa yangu kwenye kikombe. Amekataa katakata, amegeuza uso, amepiga mayowe mpaka jirani akachungulia. Mama mkwe ananitazama tu. Nifanyeje?

SistaMstaafu
Usimpe wewe. Anakunusa, na titi liko pale, kwa nini akubali kikombe? Ampe bibi, na wewe utoke nje ya nyumba kabisa, nenda hata dukani. Mtoto asiwe na njaa kali wala asiwe ameshiba. Saa moja na nusu baada ya kunyonya ni wakati mzuri. Akikataa, mama mkwe aache, ajaribu tena kesho saa hiyo hiyo. Na muanze wiki hii, si asubuhi ya kwanza ya kazi ukiwa umevaa sare mlangoni.